Mtoto mwenye kansere anatuomba tukeshe naye

Masomo ya juma: Mathayo 26:36-46, Marko 5:35-43, Yohana 9:1-3



Tunapoomba kwa ajili ya wagonjwa hapa kwetu Kapolowe, tunaomba sana juu ya mwili: uvimbe upungue, damu iongezeke, homa ishuke. Ni vema, na tusiache. Lakini mtoto mwenye kansere anabeba mzigo wa pili ambao hauonekani kwenye karatasi ya laboratwari. Mzigo huo ni hofu. Anaogopa sindano, anaogopa kuachwa na mama, anaogopa kufa, na mara nyingi anaogopa hata kusema kwamba anaogopa. Somo la juma hili linahusu mzigo huo, kwa sababu sisi wazazi na sisi kanisa tunaweza kuupunguza, na tunaweza pia kuuongeza bila kujua.

Hofu si dhambi, wala si pepo

Tuanze na Bwana wetu mwenyewe. Usiku ule wa Gethsemane, mbele ya kukamatwa, Yesu alihuzunika na kufadhaika sana. Hakuficha. Aliwaambia Petro na wana wawili wa Zebedayo jinsi moyo wake ulivyolemewa. Alimwomba Baba kikombe kile kimwepuke, kama ingewezekana. Na kwa wale rafiki watatu aliomba jambo moja tu: wakae pale, wakeshe pamoja naye. Hakuwaomba wamfundishe, wala hakuwaomba wamweleze kwa nini mambo yale yalitokea. Wao wakalala.

Kama Mwana wa Mungu alifadhaika mbele ya mateso, mtoto wa miaka sita anayetetemeka mbele ya sindano hana dhambi katika hilo. Hakosi imani. Yeye ni mtu, na mwili wake unamwonya kwamba kuna maumivu mbele. Anatuomba jambo lile lile ambalo Bwana aliomba: msilale, kaeni nami.

Kansere ya watoto ni nini

Mwili umejengwa na chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Kila chembe ina wakati wake wa kukua na wakati wake wa kufa. Kansere ni chembe zilizoacha utaratibu huo, zinaongezeka bila mpango na kubana zile nzuri. Kwa watoto inaweza kuwa katika damu, katika jicho, katika figo, katika ubongo, au katika tezi. Mara nyingi waganga wa hospitali hawaoni sababu yoyote ambayo mzazi angeweza kuizuia. Si chakula alichopika mama, si maneno ya jirani, si kosa la mtoto. Tena haiambukizi. Mtoto mwenye kansere anaweza kula sahani moja na wenzake, kulala nao na kucheza nao. Ni yeye ndiye anayepaswa kulindwa na mafua na kikohozi cha wengine, kwa kuwa dawa zinapunguza nguvu ya mwili wake ya kupigana na magonjwa.

Shirika la Afya Ulimwenguni, lile tunaloita OMS, linasema kwamba kila mwaka watoto na vijana karibu 400,000 duniani wanapata kansere. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 kwa mia wanapona. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30 kwa mia. Mwaka 2018 shirika hilo liliweka lengo: kufika mwaka 2030, angalau watoto 60 kwa mia wapone. Sababu za tofauti hiyo ni nyingi: ugonjwa kujulikana kwa kuchelewa, dawa kukosekana, na matibabu kuachwa katikati. Tuikumbuke hiyo ya mwisho, kwa sababu hofu ina mkono ndani yake.

Wengine kati yetu wanafikiri kansere ni hukumu ya kifo na kwamba hospitali ni kupoteza franka. Wasikie habari hii ya jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, mji wa Kampala, munganga mpasuaji Denis Burkitt, mtu wa Ireland na mwamini wa Injili, alionyeshwa mtoto mwenye taya zilizovimba pande zote mbili. Mwaka 1958 aliandika juu ya ugonjwa huo, ambao leo unaitwa limfoma ya Burkitt. Mwishoni mwa mwaka 1961, pamoja na waganga wawili wamisionari, Ted Williams na Cliff Nelson, alizunguka kwa motokari kutoka Uganda mpaka kusini mwa Afrika, karibu maili 10,000, akiuliza hospitali kwa hospitali kama wamewaona watoto wa namna hiyo. Kansere ile inakua kwa haraka sana, lakini ikaonekana kwamba dawa zinaiyeyusha kwa haraka pia, na watoto wengine walipona. Burkitt alikuwa mtu wa maombi, na mtu wa maombi huyo aliamini dawa. Maombi na dawa havikugombana ndani yake.

Jinsi hofu inavyojificha

Mtu mzima husema, "Moyo wangu hautulii." Mtoto hasemi hivyo. Hofu yake hutokea kwa njia nyingine. Tumbo linamuuma kila siku ya kwenda hospitali. Anakojoa kitandani wakati alikuwa ameacha. Anashika kitenge cha mama na kukataa kumwachilia. Anaota vibaya. Anapiga wadogo zake. Anakataa bukari hata ikiwa na samaki anayempenda. Mwingine anatapika akiona tu mlango wa chumba cha dawa, kabla hata seromu haijawekwa. Hajifanyi, wala hana kiburi: mwili wake umekumbuka maumivu ya mara iliyopita. Na mwingine anakuwa mpole kupita kiasi, hasemi kitu, na sisi tunamsifu kwamba ana adabu. Huyo naye tumwangalie.

Hofu hubadilika kwa miaka. Mtoto mdogo wa miaka miwili au mitatu anaogopa kutengana na mama kuliko kitu kingine. Kati ya miaka mitatu na sita, mtoto hufikiri kwamba mawazo yake yanaweza kufanya mambo yatokee. Anaweza kuamini moyoni kwamba aligonjwa kwa sababu aliiba sukari au alimchukia mdogo wake. Kuanzia miaka saba hivi anauliza juu ya mwili: dawa hii inakwenda wapi, kwa nini nywele zinaanguka? Kijana anaogopa kuchekwa, kubaki nyuma katika masomo, kutopata siku moja nyumba yake na watoto wake. Basi hatuwezi kuwapa wote jibu moja.

Hofu hii ina hatari yake. Mtoto anayepigana na kila sindano anawachosha wazazi na wauguzi. Mama analia, baba anasema, "Tumwache apumzike." Safari inayofuata haifanyiki. Wakati huo chembe mbaya zilizobaki zinaanza tena, na mara nyingi kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana kumtuliza mtoto ni sehemu ya matibabu yenyewe.

Mtoto anajua

Wazazi wengi wanasema, "Tusimwambie, ni mtoto, hajui." Wanasema hivyo kwa upendo. Lakini je, ni kweli hajui?

Huko Marekani, mtafiti mmoja jina lake Myra Bluebond-Langner alikaa muda mrefu hospitalini kati ya watoto wadogo wenye kansere ya damu, na mwaka 1978 akatoa kitabu juu ya aliyoyaona. Wakati ule ugonjwa huo uliwaua wengi, na wazazi hawakuwaambia. Hata hivyo watoto walijua. Walijifunza kutoka kwa macho ya mama, kutoka kwa mazungumzo ya mlangoni, kutoka kwa kitanda cha mwenzao kilichobaki kitupu. Na walipoona kwamba wakubwa hawataki jambo hilo litajwe, wao wakanyamaza ili kuwalinda wazazi wao. Mzazi akajifanya, mtoto akajifanya, na kila mmoja akabaki peke yake na hofu yake.

Fikirini nyumba zetu. Chumba ni kimoja, ukuta ni mwembamba. Mtoto anasikia baba akihesabu madeni usiku. Anasikia jirani akisema, "Huyu hatafika Noeli." Tukikataa kumpa maneno ya kweli, hatubaki na mtoto asiyejua. Tunabaki na mtoto anayejua nusu, na ile nusu nyingine anajijazia mwenyewe gizani. Mara nyingi anajaza mambo mabaya kuliko ukweli wenyewe.

Maneno yanayoongeza hofu

Sasa tuseme jambo gumu, ndugu, kwa sababu linatugusa sisi wa kanisa.

Kuna mtoto mgonjwa anayeambiwa kwamba ni mulozi, au kwamba nkambo yake amemfunga. Uvimbe wa kansere unafanya sura ibadilike, jicho litoke nje, tumbo lijae, na watu wanatafuta wa kushitakiwa. Mtoto huyo ana kansere, na juu yake anabeba woga wa kufukuzwa na watu wake mwenyewe. Sheria ya nchi yetu ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na inatoa adhabu. Lakini mbele ya sheria hiyo tulikuwa na neno la Bwana. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, walitaka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu aliwakatalia pande zote mbili.

Kuna anayeambiwa, "Ungekuwa na imani, ungekuwa umekwisha kupona." Kuna anayefungishwa chakula siku tatu wakati damu yake imepungua na waganga wamesema ale. Kuna anayeahidiwa kwa jina la Mungu kwamba atapona siku fulani. Siku inapita, ugonjwa uko pale pale, na mtoto anafikiri Mungu amemkataa. Sisi tunaamini kwamba Bwana anaponya. Basi tumwombe kwa nguvu zote, lakini tusimpangie tarehe, tusimwondoe mtoto kwenye dawa, na tusimwekee mtoto kazi ya kubeba imani ambayo ni kazi yetu wakubwa.

Na nyumbani kuna neno dogo ambalo karibu sisi sote tumelisema: "Ukilia, munganga atakuchoma sindano!" Tunalitumia kumnyamazisha mtoto mzima. Siku anapogonjwa kweli, sindano inayotaka kumwokoa anaiona kama adhabu. Tuliache neno hilo, hata kwa watoto walio na afya.

Nyumba ya Yairo inatufundisha

Bwana alipofika kwa binti wa Yairo, yule wa miaka kumi na miwili, tuangalie alivyofanya, hatua kwa hatua.

Kwanza, alitoa makelele nje. Walikuwako waliolia na waliocheka, wote aliwatoa. Sisi nasi, watu ishirini wasijae kitandani kwa mtoto wakilia kama kwenye kilio. Waombe nje, waingie wawili wenye utulivu.

Pili, aliwaacha baba na mama ndani. Wakati wa sindano, mzazi akiruhusiwa abaki, amkalishe mtoto mapajani na kumkumbatia, kuliko kumlaza chini na kumkandamiza na watu wanne. Anayenyonya apewe ziwa. Mkubwa kidogo apumue polepole, kama anayepuliza moto wa makala, au ahesabu, au aimbe wimbo wa ekodimu anaoupenda.

Tatu, alimshika mkono. Waganga na wauguzi wengi wanaogusa mwili wa mtoto huyu wanamgusa ili kumchoma au kumpima. Anahitaji mkono usiotaka kitu kwake.

Nne, alisema naye kwa maneno mafupi, kwa lugha ya nyumbani mwao. Tumwambie mtoto ukweli unaolingana na miaka yake: "Una ugonjwa unaoitwa kansere. Hukuufanya wewe. Kesho watakuchoma hapa mkononi. Itauma kidogo, halafu itaisha. Mimi nitakuwa pale." Tusiseme "haitauma" wakati itauma, kwa sababu kesho kutwa hatatuamini tena. Tusimdanganye kwamba tunakwenda sokoni Likasi na kumbe tunampeleka hospitalini. Dawa inayoangusha nywele, tumwambie mbele, na tumwambie pia kwamba kwa kawaida zinaota tena. Na tumwachie kitu cha kuchagua: mkono gani, nguo gani, nani amsindikize. Ugonjwa umemnyang'anya mambo mengi ya kuamua, tumrudishie machache.

Tano, aliagiza binti apewe chakula. Bwana hakusahau maisha ya kila siku. Mtoto mgonjwa bado ni mtoto: anahitaji kucheza, kujifunza, kucheka, na hata kugombezwa kidogo anapokosea. Huko Eldoret, Kenya, katika hospitali kubwa ya Moi, kuna kituo kinachoitwa Sally Test ambapo watoto waliolazwa wanapata kucheza. Sisi huku tunaweza kuanza na mtoto wa bandia wa kitambaa. Mtoto amchome huyo "sindano" kwa kijiti, amfunge bandeji, amtulize. Kwa mchezo huo anatueleza hofu yake bila kuulizwa.

Akiuliza, "Je, nitakufa?"

Swali hili linakuja, na mara nyingi linakuja usiku. Tusikimbie, tusimkemee kwamba ametamka neno baya. Kwanza tumuulize kwa upole, "Kwa nini unafikiri hivyo?" Labda amesikia jambo, labda mwenzake wa kitanda cha pili hayuko tena. Tukishajua anachoogopa, tujibu hicho. Kama matibabu yanaendelea, tunaweza kusema: "Ugonjwa huu ni mkali, ndiyo maana waganga wanatumia dawa kali. Tunamwomba Mungu upone. Na lolote litakalokuja, hutakuwa peke yako." Na kama dawa zimeshindwa, maneno ya mwisho hayo bado ni ya kweli, na tumaini letu la ufufuo bado ni la kweli. Mtoto anaweza kulibeba tumaini hilo, akiwa mikononi mwa mtu asiyemkimbia.

Kazi ya kanisa

Wapendwa, mama wa Kapolowe anayesindikiza mtoto Likasi, na kutoka pale kupelekwa mbele mpaka Lubumbashi, anaacha watoto wengine nyumbani. Baba anabaki ziwani Tshangalele au shambani kutafuta franka za safari. Kule Eldoret, watafiti walipowauliza wazazi kwa nini waliacha matibabu ya kansere ya watoto wao, ukosefu wa pesa na shida ya usafiri vilikuwa kati ya sababu kubwa. Mtoto naye anaona yote hayo, na hofu yake nyingine ni kuwa mzigo. Asisikie kamwe kwamba baiskeli iliuzwa kwa ajili yake.

Basi juma hili tufanye mambo haya. Idara ya wamama itafute kama kuna familia ya namna hiyo katika kila kitongoji, na iwapangie wapendwa wa kupika na kulala na watoto waliobaki. Hao wadogo na wakubwa zake nao wana hofu. Wengine wana wivu, na wanauonea haya. Mashemasi waweke sanduku dogo kwa ajili ya safari, kabla safari haijakatika, si baada yake. Walimu wa ekodimu wamtumie mtoto mgonjwa masomo na picha walizochora wenzake, na wawafundishe wenzake kwamba ugonjwa huo hauambukizi na kwamba kichwa kisicho na nywele hakichekwi. Na kila mzazi anayeona mwanga mweupe ndani ya jicho la mtoto, uvimbe wa taya, shingo au tumbo usiopungua, au homa na damu kupungua visivyoisha, ampeleke mapema hospitalini, asisubiri.

Na tuombe pamoja, asubuhi na jioni, juu ya mambo matatu: uponyaji wa watoto hawa, hekima kwa waganga na wauguzi wanaowatunza, na nguvu kwa sisi sote ya kubaki macho. Petro na wenzake walipenda Bwana wao, lakini macho yao yalikuwa mazito. Yetu nayo huwa mazito. Saa moja kando ya kitanda cha mtoto anayeogopa si ndefu mno.

Bwana awabariki na kuwalinda watoto wetu. Amina.